Gitaa la Kati

Mwikwabe hakuwa mtu wa kufika kwa dada yake bure, na kila alipofika alikuja na neno lenye mwiba. Kwa hiyo Rhobi alipomwona anashuka kwenye pikipiki ya Daudi wa bodaboda mbele ya genge, saa ambayo wachimbaji wameshakunywa chai na kwenda zao mashimoni, hakumuuliza habari za nyumbani. Alichukua kitambaa akafuta meza ambayo alikuwa ameshaifuta.

"Yule Msukuma yuko?"

Miaka thelathini na minane sasa. Rhobi alikuwa amezaa na Batholomeo watoto wanne, wamezika mmoja, wamejenga nyumba ya bati hapa Matongo kwa jasho lao wenyewe, na bado kaka yake hajawahi hata siku moja kumwita mtu huyo shemeji. Yule Msukuma, basi. Hata ng'ombe wa Mwikwabe walikuwa na majina.

"Mume wangu ana jina," Rhobi alisema.

"Najua. Jina lake ndilo nimelifuata."

Batholomeo Mboje alitokea nyuma ya nyumba akikohoa. Kazi yake ilikuwa kwenye karasha, kulisha mawe kwenye mashine inayoyasaga, na vumbi lile lilikuwa limeshahamia kifuani. Alivuta kiti, akamkaribisha mgeni, akakaa kusubiri. Kwa Mwikwabe alikuwa amejifunza kusubiri.

"Ukumbi wangu wa baa umekwisha," Mwikwabe alisema. "Jumapili mchana nafungua. Diwani atakuja, na wazee wetu wa Nyanungu watakuja. Watu wanataka zilipendwa. DJ ninaye, Kisyeri wa kule Sirari. Lakini nikajiuliza, mbona tuna mwanamuziki hapa hapa nyumbani? Tangu enzi hizo tunaambiwa huyu bwana alikuwa Rubana Jazz, alipiga Verdiana. Basi aje aupige, tuuone."

"Nikishaupiga?" Batholomeo aliuliza.

"Nakuita shemeji mbele ya ukoo mzima. Na kila Jumapili utapiga pale, uachane na hayo mawe yanayokumaliza." Alimgeukia dada yake. "Asipoupiga, wewe nawe utajua ulifuata nini."

Daudi, ambaye alikuwa bado amekaa juu ya pikipiki yake anasubiri abiria, alijifanya anakagua tairi.

Hapakuwa na mtu wa rika lao katika Tarime nzima asiyeujua wimbo wa Verdiana. Rubana Jazz ilikuwa bendi ya kiwanda cha pamba, na mtindo wao waliuita Chuja Nafaka. Miaka ile kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo wa bendi ulikuwa jambo la watu kugombana. Redioni Verdiana ilikuwa haikosi Jumapili. *Verdiana rudi, mlango sijafunga.* Kiwanda kilipokufa na bendi ikafa. Vyombo vilikuwa mali ya kiwanda, vikafungiwa stoo, na wanamuziki wakatawanyika mikono mitupu. Mmoja wao akaja Matongo kutafuta dhahabu, akiwa na koti moja la kijivu na jina la wimbo.

Rhobi alikuwa ameshaposwa na mtu wa Nyanungu mwenye zizi lililojaa. Akamwacha, akalifuata koti la kijivu. Ng'ombe watatu wa mahari ambao Batholomeo alikuja kuwaleta miaka mingi baadaye, Mwikwabe aliwaita mbuzi warefu. Na ukweli ambao Rhobi hakuwahi kumwambia mtu ni huu: hakuwahi kumwona mume wake ameshika gitaa, hata mara moja. Alimwamini tu.

"Nitakuja," Batholomeo alisema.

Mwikwabe alipanda pikipiki, akaitazama sabufa ya Rhobi iliyokuwa inaimba kwa upande mmoja pale kwenye rafu. "Na hiyo nayo itengenezeni," alisema. "Muziki nusu nusu kama nini."

"Mama, hata mimi nimekwambia," Daudi alidakia huku anawasha. "Ni waya tu wa spika ya kulia, panya kaula. Nakuungia bure."

"Siku nyingine," Rhobi alisema. Alikuwa amesema hivyo mwaka mzima.

*

Gitaa liliazimwa kanisani. Jenipha, binti yao wa mwisho, alikuwa mwimbaji wa kwaya, na ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti wa kwaya, Judith, kuomba gitaa pamoja na kisanduku chake cha spika. Judith aliuliza ni la kazi gani. Jenipha alisema ni sherehe ya familia. Haukuwa uongo, isipokuwa hakutaja kwamba familia hiyo inafungua baa.

Ijumaa alasiri Batholomeo alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakaa kwenye kigoda sebuleni, akalipakata gitaa. Alilityuni kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha, na Rhobi aliona vidole vile vilivyopasukapasuka kwa mawe vinatembea kwenye nyuzi bila kuuliza njia. Moyo wake ulitulia. Mtu hawezi kushika kitu namna ile kama hakuwahi kukishika. Alikaa mlangoni na sinia la mchele, akasubiri wimbo.

Zilitoka sauti fupi fupi, nyembamba, juu kabisa ya gitaa. Tatu, halafu kimya. Mbili, halafu kimya kirefu zaidi. Halafu tatu tena. Rhobi alichambua mchele, akasubiri. Jenipha naye alisubiri. Zile sauti ziliendelea vile vile, hazipandi wala hazishuki.

"Bado unatyuni?" Rhobi aliuliza.

Batholomeo aliinua uso, amefurahi. "Nimeshafika ubeti wa pili."

"Ubeti wa pili wa nini?"

"Wa Verdiana."

Jenipha alicheka, kisha akaona uso wa mama yake, akaacha.

"Baba Jenipha," Rhobi alisema taratibu, "Verdiana naijua. Ina lile gitaa linaloanza pale mwanzo, linalolia, linalozunguka. Hilo liko wapi?"

"Hilo ni solo. Alipiga Thadeo."

"Na wewe?"

"Mimi nilipiga gitaa la kati." Aliona hawajaelewa, akaweka kiganja juu ya nyuzi. "Kulikuwa na magitaa manne. Besi iko chini. Ridhimu inakwenda sawasawa, haichoki. Solo anazungumza. Sasa solo akivuta pumzi, panabaki shimo. Mimi ndiye naingia pale. Nikiingia kabla, nimemkata maneno. Nikichelewa, wachezaji wanajikwaa. Tulipokwenda Nairobi kurekodi, fundi mitambo alimweka Thadeo kushoto na mimi akaniweka kulia, tukawa tunajibizana. Huo ndio utamu wa Verdiana wenyewe."

"Kwa hiyo ulikuwa unajaza mashimo."

"Ndiyo."

"Na solo hulijui."

"Nalijua lilivyo. Silipigi."

Rhobi aliliweka sinia chini. Hasira ilimpanda, na hakuona sababu ya kuizuia. "Miaka yote hiyo unasema nilipiga Verdiana, nilipiga Verdiana. Kwa nini hukusema ulipiga vipande?"

"Nani aliniuliza?" Batholomeo naye sauti ilipanda. "Mtu akisema nilijenga ile nyumba, mnamuuliza kama aliweka tofali au bati? Tulikuwa watu kumi na mmoja. Hakuna aliyepiga Verdiana peke yake. Hata Thadeo."

"Mwikwabe hajaita watu kumi na mmoja. Kakuita wewe."

"Basi nitapiga yangu."

"Jifunze ya Thadeo. Una kesho nzima."

Batholomeo alitikisa kichwa. Katika Rubana Jazz, alisema, mtu aliyeingia njia ya mwenzake jukwaani, wiki hiyo hakupangwa. Njia ya Thadeo ilikuwa ya Thadeo, na Thadeo amezikwa Majita.

"Na kwa sababu amezikwa, Jumapili hatakuja," Rhobi alisema. "Atakayekuwa pale ni wewe. Na mimi."

Hilo la mwisho lilimwingia. Alijaribu. Mpaka jua linashuka alikuwa anajaribu, na ilikuwa aibu kusikiliza: wimbo unaanza, unakwama, unaanza tena, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake gizani. Mwisho vidole vilirudi vyenyewe kwenye zile sauti tatu. Rhobi alizijua. Sasa ndipo alipozijua. Ni zile zile ambazo mume wake alikuwa anazigonga kwa ncha za vidole mezani akingoja chakula, tiki-tiki-ti, na ukingoni mwa kitanda watoto walipokuwa wagonjwa. Kumbe ndiyo hizo. Alikuwa amedhani ni uchovu tu wa mtu.

"Nimeolewa na mtu wa tiki-tiki," alisema, akachukua sinia lake, akatoka.

Jumamosi nzima hawakuongea ila ya lazima. Rhobi alikoroga uji, akaosha vikombe, na wazo moja lilikuwa linamzunguka kama nzi. Tiki-tiki hata mtoto anaweza kuitunga. Kama si kweli kwamba ilikuwa ndani ya wimbo ule? Kama Mwikwabe alikuwa anasema kweli tangu siku ya kwanza, na yeye alikimbia zizi zima kwa ajili ya koti? Aliwasha sabufa, akaiweka Verdiana, akasikiliza kwa makini. Solo lilikuwepo, besi ilikuwepo, waimbaji walikuwepo. Tiki-tiki haikuwepo. Alirudia mara tatu, akazima.

*

Jumapili Mwikwabe alimtuma mtu kumwambia dada yake awahi jikoni. Wake wa Mwikwabe wangekaa mbele na wageni, na Rhobi, aliyezoea kupikia watu wengi, angesimamia nyama. Alivaa kitenge chake kizuri, akavaa na aproni juu yake.

Ukumbi ulikuwa mpana, umepakwa rangi ya kijani, na harufu ya rangi ilikuwa bado haijaisha. Jukwaani walisimamisha spika mbili kubwa kama makabati, moja kila upande, na Kisyeri katikati na kompyuta yake. Wazee wa Nyanungu walikaa mstari wa mbele na fimbo zao. Batholomeo alipanda amevaa koti la kijivu. Lilikuwa linampwaya sasa. Alikiweka kile kisanduku cha kwaya karibu na mguu wake, akaunga waya.

"Sasa basi," Kisyeri alisema kwenye maiki, kwa Kiswahili chake alichokiokota ng'ambo ya mpaka, "leo tuko na buda mwenyewe wa Verdiana. Hebu tumpatie nafasi."

Watu walipiga makofi. Rhobi aliacha jiko, akasimama pembeni ya spika ya kulia, karai la nyama mikononi.

Tatu. Kimya. Mbili. Kimya kirefu.

Ukumbi ulisubiri kwa adabu. Mzee mmoja aliegemea fimbo yake mbele. Batholomeo alikuwa amefumba macho, mguu wake unahesabu, na ilionekana wazi kwamba yeye anausikia wimbo wote: besi, ridhimu, Thadeo, tarumbeta. Yeye peke yake. Wengine walisikia maji yanadondoka kwenye ndoo.

"Mura, kijana, anza basi," yule mzee alisema.

"Ameshaanza," mwingine alimjibu, na hapo ndipo kicheko cha kwanza kilipotoka.

Mwikwabe aliinuka, glasi mkononi. "Hiyo ndiyo Verdiana? Mbona Verdiana amekonda hivi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Wake zake walicheka, diwani akacheka kwa heshima ya mwenye nyumba. Rhobi aliona masikio ya mume wake yanabadilika rangi, na vidole havikusimama. Alitamani visimame. Alitamani yeye mwenyewe azimie, au umeme ukatike, chochote.

Kisyeri hakuwa mtu mbaya. "Buda, tulia," alisema. "Nakuwekea ngoma yenyewe, wewe fuata tu."

Akaiachia Verdiana kutoka kwenye kompyuta, na ukumbi ukainuka kama ulivyo. Wazee waliacha fimbo. Batholomeo alipiga, na safari hii mkono wake ulikwenda sawasawa na wimbo, lakini hapakuwa na wa kumsikia. Alikuwa kama mtu anayemimina maji mtoni. Katikati ya ubeti kikohozi kikamshika. Alitoa mkono kwenye nyuzi, akainama, akakohoa kwa muda mrefu, na wimbo ukaendelea bila kupungua kitu.

"Mnaona?" Mwikwabe alishika maiki. "Gitaa linapiga lenyewe. Msukuma amepumzika."

Kicheko hiki kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Lakini Rhobi hakukisikia chote, kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa karibu kabisa na spika ya kulia, na kutoka humo ndani, chini ya sauti za waimbaji, kuna mtu alikuwa anagonga meza.

Tiki-tiki-ti. Kimya. Tiki-ti.

Alidhani ni kichwa chake. Akasogea. Ilikuwa humo, safi, changa, haina kikohozi. Mume wake akiwa na miaka ishirini na miwili, anaingia kwenye shimo kila Thadeo anapovuta pumzi. Redio ndogo za zamani zilichanganya vyote kama kande, na sabufa yake ilikuwa imekufa upande huo huo. Fundi mitambo alimweka kulia. Batholomeo alilisema Ijumaa, na mkewe akamwita mtu wa tiki-tiki.

Rhobi alifurahi, na papo hapo akajichukia. Jukwaani Batholomeo alikuwa anavua mkanda wa gitaa begani.

Aliliweka karai sakafuni. Nyuma ya spika kulikuwa na waya mmoja mnene. Aliushika kwa mikono miwili, akauchomoa.

Upande mzima wa ukumbi ulizima. Wimbo ulibaki kushoto, unachechemea. Solo lilisema, likanyamaza, na pale liliponyamaza hapakuwa na kitu. Wachezaji walijikwaa, wakatazamana.

"Mama, umefanya nini?" Kisyeri alisema.

"Baba Jenipha," Rhobi aliita, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni. "Usiache. Piga."

Batholomeo alimtazama, akautazama ule waya mkononi mwake. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alirudisha mkanda begani, akangoja Thadeo avute pumzi, akaingia.

Safari hii kila mtu alisikia. Kutoka kwenye kile kisanduku cha kwaya zilitoka zile sauti tatu, na shimo likajaa. Solo likasema, gitaa la kati likajibu. Thadeo wa Majita na Batholomeo wa Matongo walikuwa wanaongea, na watu walisimama katikati ya ukumbi wakawasikiliza. Yule mzee aliyesema anza basi alikuwa ameshika kichwa.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa inatuinua vitini. Sikuwahi kujua ni ipi."

Kisyeri alivua visikilizio vyake masikioni. "Aisee. Ni yeye."

Rhobi alimtafuta kaka yake. Mwikwabe alikuwa amesimama na glasi yake, na mguu wake wa kulia ulikuwa unacheza, na alipoona dada yake anautazama, akausimamisha. Wimbo ulikwisha. Ukumbi wote ulimgeukia mwenye nyumba. Alikuwa ameahidi neno moja mbele ya ukoo, na Rhobi alikuwa analikumbuka.

"Kumbe kweli," Mwikwabe alisema kwenye maiki. "Yumo. Sikatai, yumo humo ndani ya wimbo." Alikunywa kidogo. "Sasa kama yumo tayari humo ndani, huku nje tunamhitaji wa nini?"

Kuna waliocheka, kwa sababu nyama ilikuwa yake.

"Rudisheni huo waya," aliendelea. "Nimekodi spika mbili, si moja. Na Msukuma apewe soda."

*

Walirudi kwa miguu, gitaa kwa Batholomeo, kisanduku kwa Rhobi. Soda waliiacha mezani. Judith alikuwa amesimama kwenye kona ya kanisa, na kwa namna alivyopokea vyombo vyake ilijulikana kwamba habari ya baa imemfikia. Alilifuta gitaa lote kwa kanga, mbele yao, kabla ya kuliingiza ndani. Jenipha hatapangwa kuimba mwezi mzima, alisema. Hawakubishana.

"Hakusema shemeji," Rhobi alisema walipoipita zahanati.

"Hakusema."

"Aliahidi kulisema mbele ya wazee."

"Nilikuwepo, Rhobi."

Rhobi alitaka alie, alitaka arudi akaikwangue ile rangi ya kijani kwa kucha. Miaka thelathini na minane alidhani kinachokosekana ni ushahidi. Ushahidi umetolewa, mbele ya diwani, na hakuna kilichohama mahali pake. Kesho mume wake atarudi kwenye karasha.

"Ijumaa nilikuita mtu wa tiki-tiki," alisema.

"Ndiye mimi," Batholomeo alisema. Alikohoa, wakasimama mpaka kikohozi kikaisha.

Asubuhi ya Jumatatu genge lilijaa kama kawaida. Habari zilikuwa zimeshafika. Wachimbaji wawili walimsalimia Batholomeo shikamoo kwa mkazo ambao haukuwepo zamani, wakaomba Verdiana. Rhobi aliiwasha. Batholomeo alikuwa meza ya mwisho, amevaa nguo za kazi, anangoja chai yake kabla ya kwenda kwenye mawe.

Daudi aliingia na waya mpya na koleo mfuko wa nyuma. "Mama, leo sikubali," alisema. "Jana nimesikia spika mbili kule, nimeona tofauti. Upande wa kulia naufufua sasa hivi."

Alikuwa ameshaigeuza sabufa Rhobi alipomshika mkono. Kwenye rafu Thadeo alisema, akavuta pumzi. Kule meza ya mwisho, bila kuinua uso, Batholomeo alijibu kwa ncha za vidole.

"Iache hivyo, Daudi," Rhobi alisema. "Upande huo una mwenyewe."

Akamimina chai, akampelekea ya kwanza.